Larapinta kwa Siku Sita: Njia Nzuri, na Ina Wenyewe

Anayelipia safari ya siku sita ya kuongozwa kwenye njia ya Larapinta, katikati ya Australia, ananunua bidhaa mbili kwa bei moja. Ya kwanza ni kutembea: milima myekundu, makorongo yenye maji baridi, usiku wa nyota, na chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Ya pili ni kuingizwa kwenye nchi ya Waarrernte, wenyeji wa asili wa milima hiyo, na kuelezwa inavyosomeka kwa macho yao. Bidhaa ya kwanza ni nzuri karibu popote unapoinunua. Ya pili inaweza kuwa moyo wa safari, au inaweza kuwa dakika ishirini za kusimama mbele ya kibao cha maelezo. Matangazo ya kampuni hayaonyeshi tofauti, kwa hiyo inabidi uulize kabla ya kulipa.

Njia inaanzia Telegraph Station, kituo cha zamani cha kutuma na kupokea simu za maandishi kwa waya kilichojengwa miaka ya 1870, kilomita chache kaskazini mwa Alice Springs, mji ambao jina lake la Kiarrernte ni Mparntwe. Kutoka hapo inaelekea magharibi ikifuata safu ya milima inayoitwa Tjoritja, au West MacDonnell kwenye ramani, hadi juu ya mlima Sonder, Rwetyepme. Vitabu vingi bado vinaandika kilomita 223. Vipimo vipya vya idara ya hifadhi vinasema 231. Ina vipande 12, na ilikamilika yote mwaka 2002. Kuitembea mwanzo hadi mwisho huchukua wiki mbili au zaidi, na kampuni kadhaa zinauza safari ya urefu huo.

Siku sita si hivyo. Ni kudonoa. Gari linakushusha mwanzo wa kipande kizuri, unatembea kilomita kumi hadi kumi na tano, linakuokota upande wa pili. Ukijumlisha, miguu inakanyaga robo au theluthi ya njia. Wako wanaoondoka wamenuna kwa sababu waliamini wataitembea yote. Lakini anayeijua njia hii anajua kwamba baadhi ya vipande ni tambarare ndefu zenye kichaka kile kile kutwa, hasa kile cha Hugh Gorge hadi Ellery Creek, kilomita 31, na kuviruka si hasara kubwa. Hasara ya kweli ya siku sita ni kukikosa kipande cha tano, Birthday Waterhole hadi Hugh Gorge, ambacho ni kilomita 16 tu lakini kina mgongo mwembamba wa mawe wa Razorback na korongo ambalo mara nyingine unalivuka kwa kuingia majini. Anayetaka hicho achague safari ndefu.

Ratiba hutofautiana, ila mifupa yake hufanana. Siku ya kwanza ni Telegraph Station kupitia mgongo wa Euro Ridge kuelekea Simpsons Gap. Ya pili ni milima ya karibu na Standley Chasm. Siku mbili za katikati huenda Serpentine Gorge na kupanda hadi Counts Point, kisha upande wa Ellery Creek au Ochre Pits. Ya tano ni mzunguko wa Ormiston Pound, kama kilomita tisa, saa tatu hadi nne. Ya sita ni Rwetyepme gizani, halafu kurudi mjini kwa gari. Kati ya zote, Ormiston ndiyo siku bora kwa jasho kidogo: unaanza juu ya bonde la mviringo lililozungushiwa milima, unashuka ndani yake, unalikata, na unatokea kwenye kuta nyekundu za korongo na dimbwi miguuni pake. Baada ya mvua, mzunguko huu unaweza kukulazimu kuvuka maji yanayofika kiunoni, na mwongozaji akisema leo hapana, ndio hapana.

Aliyezoea Kilimanjaro atatafuta wapagazi na hatawaona. Begi kubwa linakwenda kwa gari kutoka kambi hadi kambi. Wewe unabeba begi la mgongoni la lita 25 hadi 30 lenye maji, chakula cha mchana, koti la mvua na la baridi. Kundi kwa kawaida ni watu kumi na kitu, na waongozaji wawili au watatu ambao ndio hao hao wapishi na madereva. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: huku jembe unapewa siku ya kwanza, maana wageni wanakata vitunguu na kuosha vyombo, na asiyependa hilo alijue mapema. Bahasha ya bakshishi inayoumiza watu kichwa siku ya mwisho pale Marangu si desturi ya Australia. Ukitoa, ni hiari yako.

Kambi za kampuni kubwa ni za msimu mzima: mahema ya turubai yenye vitanda, jiko lenye paa, vyoo vya mboji, na bafu la ndoo la maji ya moto. Kampuni ndogo hutumia swagi, yaani godoro jembamba ndani ya mfuko wa turubai nene unaotandikwa moja kwa moja chini. Swagi ni tamu kuliko inavyosikika. Turubai huzuia upepo, na ukifumbua macho saa tisa usiku unaona Njia ya Maziwa, ule mkanda wa nyota, imelala juu yako kama moshi. Tatizo lake ni umande na baridi inayotoka ardhini. Anayelala kwenye swagi akiwa na begi la kulalia la nchi za joto hatalala. Uliza joto la chini kabisa ambalo begi la kulalia la kampuni linahimili. Jibu likiwa juu ya nyuzi sifuri, kodi jingine mjini. Usiku wa Juni na Julai huko hushuka chini ya sifuri bila kuomba ruhusa, na mchana wake unafika nyuzi 20.

Ndiyo maana msimu ni Aprili hadi Septemba. Kuanzia Novemba joto hupita nyuzi 40 na kampuni hazipeleki watu, na atakayekupeleka kwa bei ya punguzo mwezi Januari umkimbie. Aprili maji bado yana uvuguvugu na nzi bado wapo. Juni na Julai hakuna nzi, ila maji ya Ellery Creek yanauma mifupa. Dimbwi hilo ni refu, lina kivuli na kina chake ni kirefu, hivyo hubaki baridi mwaka mzima. Anayeruka ndani ghafla akiwa na jasho hukatika pumzi. Unaingia taratibu na hukai. Agosti ni chaguo zuri kwa mtu wa pwani: usiku unaanza kulegea na maua yanaanza kama mvua ilinyesha.

Watu wanaogopa joto la jangwa, lakini kinachowaangusha ni mawe. Mgongo wa safu hii ni kwatsaiti, mchanga wa kale uliokazwa hadi ukawa mgumu kama kioo, na unapovunjika huacha kingo kali. Njia kwa sehemu kubwa si udongo uliokanyagwa bali ni vipande hivyo vya mawe, vikubwa kama ngumi, visivyotulia. Kilomita kumi na nne za hapa zinachosha kama ishirini za mahali pengine, kwa sababu kila hatua kifundo cha mguu kinafanya hesabu. Nusu ya malalamiko yote yanaanzia kwenye buti.

Buti iwe na soli ngumu, ifunike kifundo, na iwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole ukiwa umevaa soksi nene. Nafasi hiyo ikikosekana, kushuka kutoka Rwetyepme kutakula kucha zako. Iwe imevaliwa angalau kilomita 50 kabla. Na iwe si ya kabatini: soli nyingi za buti zina povu la plastiki ambalo huoza polepole kwa unyevu wa hewa hata bila kuvaliwa, kisha siku ya pili juu ya kwatsaiti soli yote inabanduka kama ganda la ndizi. Buti iliyokaa miaka sita au saba ikisubiri safari ndiyo hatari zaidi, na kwa mtu anayeishi Mombasa au Zanzibar, kwenye unyevu ule, ningeipunguzia miaka hiyo. Waongozaji wazuri hubeba utepe na gundi. Hiyo inakufikisha kwenye gari, haikumalizii safari.

Fimbo mbili za kutembelea zinaokoa magoti. Kinga za turubai za kufunika kifundo hadi chini ya goti zinaokoa ngozi dhidi ya spinifeksi, nyasi zinazoota kama mto wa mviringo na kuonekana laini kwa mbali. Kila jani ni sindano yenye ncha ya silika, nayo hukatikia ndani ya ngozi na kuacha kipele kinachowasha siku tatu. Beba kibano. Malengelenge yashughulikiwe pale unapoanza kuhisi joto, siyo yakishatumbuka: simama, vua, kausha, bandika utepe. Wengi huona aibu kusimamisha kundi. Mwongozaji anapendelea kusimama dakika tano Jumanne kuliko kukupakia garini Alhamisi.

Maji: lita tatu kwa siku, nne kukiwa na joto au mpando mrefu. Hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu hudhani hajatoka jasho. Kichwa kikianza kugonga saa tisa alasiri, si jua peke yake. Madimbwi ya makorongo si ya kunywa bila kusafishwa, na mengine si ya kuogelea kabisa.

Sasa bidhaa ya pili.

Kwenye nchi hii mgeni hapigi hodi mlangoni, maana mlango hauonekani, lakini nyumba ipo. Mabonde na vilima vya Mparntwe, kwa Waarrernte, ni kazi ya viwavi wa enzi ya uumbaji: Ayepe-arenye na wenzake wa aina nyingine mbili. Kwa hiyo kilima ambacho kwa mgeni ni kituo cha kupigia picha, kwa mwenyewe ni mwili wa babu. Neno lao kwa nchi ni apmere, nalo linabeba ardhi, makazi na undugu kwa pamoja. Hifadhi ya Tjoritja inasimamiwa kwa ubia kati ya serikali ya Northern Territory na wenyeji hao, na sheria ya mwaka 1989 inalinda maeneo matakatifu: kuingia pasiporuhusiwa ni kosa lenye adhabu. Ndiyo maana njia inapinda mahali ambapo ramani ingependa inyooke, na ndiyo maana hakuna kukata kona.

Hapo ndipo safari hizi zinapotofautiana. Waongozaji wengi si Waarrernte. Ni vijana wa Melbourne au Hobart wenye miguu ya mbuzi na mikono mizuri ya jikoni, nao huijua mimea, miamba na njia. Mzuri kati yao husimulia kile kilichoandikwa hadharani, hutaja alikipata wapi, na ukimchimba zaidi hukuambia si lake kusema. Mbaya husimulia hadithi takatifu kando ya moto kwa sauti ya kuigiza. Kuna maarifa ya wanaume, kuna ya wanawake, kuna ya ukoo fulani tu, na mtu asiye na haki nayo hapaswi kuyauza. Ukisikia mwongozaji anajua kila kitu, shaka.

Mahali ambapo bidhaa ya pili hutolewa kihalali ni Standley Chasm, Angkerle Atwatye, ardhi inayomilikiwa na kuendeshwa na Waarrernte wenyewe. Jina la Kiingereza ni la Ida Standley, mwalimu wa kwanza wa shule ya Alice Springs. La Kiarrernte lamaanisha mwanya wa maji. Kuta zinapanda kama mita 80 na zinakaribiana sana, na mnamo saa sita mchana jua huzishukia zikawaka rangi ya makaa kwa muda mfupi. Makundi mengi huja kwa ajili ya dakika hizo, hupiga picha, hunywa chai, huondoka. Safari nzuri hulipia saa moja au mbili za mwenyeji: dawa za porini, vyakula, michoro ya nukta, na maneno machache ya lugha. Jifunze angalau werte, salamu, na kwatye, maji. Swali la kuuliza kampuni kabla ya kulipa ni hili tu: je, kwenye ratiba kuna Mwarrernte anayelipwa kuzungumza nasi, wapi, na kwa muda gani? Jibu likiwa “tunapitia maeneo yenye utamaduni tajiri”, hakuna.

Ochre Pits ni mfano wa pili. Ni ukingo wa mto mkavu wenye matabaka ya ngeu yaliyosimama wima: nyekundu, njano, nyeupe, zambarau kidogo. Rangi ni ya chuma kilichopata kutu ndani ya udongo. Nyeupe ni udongo usio na chuma. Waarrernte wameichimba ngeu hii kwa ajili ya sherehe tangu kale, huisaga na kuichanganya na mafuta ili kujipaka mwilini, na hairuhusiwi mgeni kuchukua hata kidonge. Bila maelezo ni ukuta mzuri wa rangi, dakika kumi umemaliza. Kwa msomaji anayewajua Wamasai au Wasamburu na ngeu zao, hapa kuna swali la kumuuliza mwenyeji, na kwa kawaida hulipokea kwa furaha.

Lipo pia jambo ambalo ratiba nyingi hupita haraka. Pale Telegraph Station, ambapo kundi hukaza kamba za buti na kupiga picha ya kwanza, kati ya mwaka 1932 na 1942 palikuwa na taasisi iliyoitwa The Bungalow, walikokaa watoto wa mama Waaborijini (wenyeji wa asili wa Australia) waliotengwa na familia zao kwa amri ya serikali. Fika nusu saa mapema, usome.

Rwetyepme yenyewe: kilomita nane kupanda, nane kushuka, kutoka Redbank Gorge. Mnaamshwa saa saba usiku, mnaanza saa nane au nane na nusu, kila mtu na tochi ya kichwani na betri mpya. Mpando wa mwanzo ni mkali, kisha ni mgongo mrefu unaodanganya, kila ukidhani umefika kuna kilele kingine. Mlima una urefu wa mita 1,380, kwa hiyo Nairobi iko juu zaidi na hakuna kizunguzungu cha hewa nyembamba. Kinachotesa ni jasho. Watu hupanda wamevaa makoti yote, wanaloa, wanafika juu saa kumi na mbili alfajiri kwenye upepo, na jua la Julai halichomozi hadi saa moja na dakika kadhaa. Saa nzima hiyo ukiwa na fulana mbichi ni kutetemeka hadi meno yagongane. Panda ukiwa na baridi kidogo, beba fulana kavu na koti la manyoya ya bata ndani ya mfuko wa plastiki, badilisha mara tu ufikapo, hata kabla ya chai.

Njia inaishia kwenye kilele cha magharibi. Kile cha juu kabisa kiko ng'ambo ya genge na huruhusiwi kuendelea. Kukikucha, upande wa kusini magharibi linaonekana duara la vilima peke yake kwenye tambarare. Ni Tnorala. Wanajiolojia wanasema kimondo au nyotamkia ilianguka hapo miaka milioni 142 iliyopita. Waarrernte wa Magharibi wanasema wanawake walikuwa wakicheza ngoma angani, wakiwa nyota. Mmoja akaweka chini mtoto wake ndani ya chano cha mti, chano kikateleza kikaanguka duniani. Pande zote mbili zinakubaliana kilichofanya shimo lile kilitoka juu.

Kuhusu kufika. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu; unaingia Sydney, Melbourne, Adelaide au Darwin kisha unabadilisha, saa mbili hadi tatu zaidi. Wenye pasi za Tanzania, Kenya na jirani zao wanahitaji viza ya mgeni kabla ya kusafiri. Anayetoka ndani ya siku sita kwenye nchi yenye homa ya manjano, kama Kenya, Uganda au Kongo, abebe cheti cha chanjo. Buti zilizotumika zitangazwe kwenye fomu ya kuingilia, na zisuguliwe hadi kwenye mistari ya soli: ukaguzi wa mbegu na udongo pale uwanjani hauna utani, na anayeficha matope ya Marangu hulipa faini. Bima iandikwe wazi kwamba inalipia uokoaji kwa helikopta, kwa sababu mifumo ya matibabu ya Australia haimhudumii mgeni wa kwetu bure. Simu hushika karibu na mji na kwenye baadhi ya vilele. Makorongoni hakuna kitu, hivyo thibitisha waongozaji wana simu ya setilaiti. Chakula cha halali au kisicho na nyama kinapatikana bila taabu kikiombwa wakati wa kuagiza. Kikiombwa jioni ya kwanza kambini, utakula viazi.

Bei ni dola elfu kadhaa za Australia, na kwa mzoefu wa kutembea nyikani kuna namna ya bei nafuu: kujitembelea mwenyewe kwa kuweka nafasi za kambi kwenye mfumo wa hifadhi na kupeleka chakula mapema kwenye maboksi ya Standley Chasm, Ellery Creek na Ormiston Gorge. Inawezekana kwa mtu aliyewahi kubeba kilo 18 siku nyingi mfululizo. Asiyewahi alipe waongozaji.

Na usiweke ndege ya kuondoka siku ya sita. Gari hurudi mjini mchana, mara nyingine jioni, na barabara ni ndefu. Ongeza siku mbili. Moja ya kulala. Ya pili nenda Ntaria, kilomita kama 130 magharibi, misheni ya Walutheri iliyoanzishwa mwaka 1877, alikozaliwa mchoraji Albert Namatjira mwaka 1902. Michoro yake ya rangi za maji ina Rwetyepme ile ile, rangi ya zambarau asubuhi. Alipewa uraia kamili wa nchi yake mwaka 1957. Wazao wake bado wanachora, na mjini Alice Springs kazi zao zinauzwa kwenye kituo cha Iltja Ntjarra, kinachomilikiwa na kuongozwa na Waaborijini wenyewe.